Kabati la Vioo na Mtoto wa Kaka



Leo sina mahubiri. Nina jambo la kukiri, pamoja na swali linalonisumbua tangu Kwaresima: je, ni vibaya kupenda vitu na kuvitunza?

Nyumbani kwangu hapa Katoro, mkoani Geita, kuna kabati la vioo. Wengine humo huweka vikombe vya wageni. Mimi nimepanga magari 9 ya kuchezea: malori sita, mabasi mawili na kijiko kimoja cha mgodini ambacho mkono wake unainuka na kushuka. Hayakununuliwa dukani. Aliyatengeneza kaka yangu tulipokuwa wadogo Kahama, kwa waya, makopo ya mafuta ya kula na magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala zilizochakaa. Mchana tulikaa kando ya barabara kutazama malori yakienda mgodi wa Bulyanhulu, jioni kaka anakunja waya.

Alipokua akaingia kwenye machimbo kweli, mchimbaji mdogo kama vijana wengi wa huku kwetu. Mwaka 2019 kifusi kilimfukia duarani. Tukamzika. Mimi nikarudi na boksi la magari yake.

Kuyatunza si mchezo. Vumbi letu jekundu linapita hata kwenye tundu la ufunguo, na masika waya unashika kutu. Fundi seremala akanitengenezea milango ya vioo, mianya nikaiziba kwa sponji. Kabati likakaa mbali na dirisha, maana jua linapasua mpira wa ndala. Kila Jumamosi nilifuta gari moja moja na kupaka waya mafuta ya cherehani. Ufunguo niliuvaa shingoni, kwenye mkufu mmoja na msalaba wangu.

Kwaresima iliyopita shemeji alikuja kunisalimia na mwanawe, mtoto wa kaka, mwenye miaka 7. Nilikuwa nafuta magari nikaitwa nje. Niliporudi nikakuta kijiko kiko sakafuni, mkono umekatika. Kusema ukweli nilifoka: "Nani kakuruhusu? Hivi si vitu vyako!"

Hakulia. Aliniangalia tu, akasema: "Samahani, baba mdogo. Mama alisema ni vya baba."

Usiku ule rozari haikwenda. Kwa mila zetu mtoto wa kaka ni mwanangu. Katika Mathayo sura ya 6, Yesu anatuonya kuhusu hazina zinazoliwa na nondo na kutu. Kutu nilikuwa nimeishinda kabisa. Moyo wangu ulikuwa wapi, hilo sikuwahi kujiuliza.

Nikakumbuka kisa anachosimulia Tomaso wa Celano, mwandishi wa maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwaresima moja Fransisko alitengeneza kichombo kidogo kwa mikono yake. Akiwa kwenye sala ya saa ya tatu, macho yakamponyoka yakaenda kwenye kile kichombo. Alipomaliza kusali, akakitupa motoni. Je, na mimi nichome magari?

Nadhani hapana. Nendeni Bujora, kule Kisesa, Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya pale ngoma na vifaa vya watemi wa Wasukuma, pembeni kabisa mwa kanisa. Vinatunzwa, na si kila kitu utakishika. Lakini vimewekwa ili mtoto wa Kisukuma aingie na kujua ametoka wapi. Na ikifika sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, watu wanakusanyika kwa Bulabo, Bagika na Bagalu wanashindana kucheza, ngoma zinalia.

Kwa hiyo kioo chenyewe hakina dhambi. Swali ni kwamba unamtunzia nani. Mtandaoni naona watu wazima wakifungia kwenye masanduku ya vioo majumba na magari yaliyojengwa kwa matofali ya plastiki ya LEGO. Siwacheki, mimi ni mwenzao. Ila jina hilo limetokana na maneno ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Na kaka hakukunja waya ili mtu apanguse vumbi. Alikunja ili mtoto acheze. Mimi nilikuwa nalinda kumbukumbu yake dhidi ya mtoto wake mwenyewe.

Kijiko tumekitengeneza wawili. Mkono umekaa upande kidogo. Kabati bado lina kufuli, kwa sababu vumbi halijaokoka. Ila mtoto akija, ufunguo unaning'inia kwenye msumari anaoufikia, kwa masharti mawili: anawe mikono, achukue gari moja moja. Likizo iliyopita alipoteza gurudumu la lori. Iliniuma, siwadanganyi. Nikatafuta ndala kuukuu nikampa mkasi. Alikata gurudumu bayabaya, lakini linazunguka.

Na wewe, kabatini mwako kuna nini? Inaweza kuwa simu, viatu, hata sauti nzuri ya kwaya usiyotaka kumfundisha mwingine. Jiulize kabla ya kulala: ufunguo nimemficha nani?

Bwana, utufundishe kutunza bila kufungia. Amina.