Posho ya Safari na Dhamiri

Kuna swali ambalo watu waaminifu huulizana kwa sauti ya chini: je, ni vema mtu kudai kila senti anayostahili kwa safari ya kazi, hali akijua kwamba ataweka akiba humo? Wako waonao haya, wakidhani kudai ni uchoyo. Wako pia wadaio hata wasichostahili, wakisema mali ya serikali haina mwenyewe. Wote wamekosea, ingawa makosa yao hayalingani.

Tuanze na mwenye haya. Mwalimu atumwaye kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini hulipa nauli, hula, hulala, na nyumbani ameacha watoto. Gharama hiyo ni ya kazi, na kazi ni ya aliyemtuma. Asipodai, mzigo wa mwajiri utabebwa na watoto wake. Huo si ukarimu, maana mkarimu hutoa kilicho chake, wala hatoi chakula cha jamaa yake.

Je, akiba nayo? Hapa hapana budi kupambanua. Posho ya kujikimu huhesabiwa kwa siku, kwa kiwango cha cheo, bila kudaiwa stakabadhi ya kila mlo. Basi mtumishi akilala kwa shangazi yake Chang'ombe, akala ugali na mlenda badala ya wali wa hotelini, kisalicho ni chake kwa haki. Kiwango kiliwekwa na mwajiri, naye mtumishi amejinyima. Lakini mwajiri akiwa amekwisha kumlipia malazi na chakula, kudai tena ni kulipwa mara mbili. Masurufu nayo ni jambo jingine kabisa. Hayo ni fedha za kazi zilizowekwa mkononi mwa mtu kwa muda. Hurejeshwa kwa hati za malipo, na salio hurudi lilikotoka. Akiba ya masurufu ni ya wananchi.

Hatari kubwa zaidi huanza pale posho inapoacha kufuata safari, safari ikaanza kufuata posho. Kazi ya siku mbili huandikwa siku nne. Semina huitishwa mbali ili watu walipwe. Dodoma yajua habari hizi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi Bunge lilikutana Dodoma huku wizara zikibaki Dar es Salaam, umbali wa kilometa 450 hivi. Julai 2016 ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia. Katika miaka hiyo, kila mkutano wa Bunge ulikuwa pia safari ya maofisa na posho zao.

Mwishoni mwa mwaka 2011 ikasikika kwamba posho ya vikao ya wabunge imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na sababu iliyotajwa ni ughali wa maisha ya Dodoma. Ubishi ulikuwa mkali, na kwa haki. Ughali wa maisha hujibiwa na posho ya kujikimu, waliyokuwa nayo tayari. Na kuketi kikaoni ndiyo kazi yenyewe ya mbunge. Mkulima wa Bahi, ambaye mvua ikikosa hana pa kupeleka madai, alikuwa na haki ya kuuliza jambo hilo.

Kipimo ni chepesi. Kama posho isingekuwapo, je, safari hii ingekuwa ya lazima? Na je, naweza kumweleza mlipaji wazi jinsi nilivyoitumia?

Waajiri nao wasijitoe katika lawama. Acheleweshaye madai ya halali kwa miaka humfundisha mtumishi kutafuta njia ya uongo.

Twasema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo haiulizi haba imetoka wapi. Dhamiri ndiyo iulizayo. Basi, ndugu, dai kilicho chako bila haya, weka akiba bila hofu, na salio la wengine lirudishe kabla hujaulizwa.