Dhamiri Yangu, Mzigo Wangu

Mwaka 1961, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, maofisa wa kodi walimfuata mkulima mmoja shambani, wakamfungulia farasi watatu aliokuwa akilimia na kwenda kuwauza. Valentine Byler alikuwa Mwamishi, muumini wa dhehebu moja la Kikristo, na kosa lake lilikuwa kukataa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii. Kwa imani ya Waamishi, mzee, mgonjwa na mjane ni wajibu wa ndugu zao katika kanisa, si wa serikali. Na hawakuishia kusema. Wagonjwa wao waliwauguza, na ghala la jirani likiungua walikusanyika kulijenga upya. Mwaka 1965 Bunge la Marekani likawasamehe kodi hiyo wale waliojiajiri, kwa sharti la haki: asiyechangia asidai.

Nimelelewa katika nyumba ya sala, na kisa cha Byler hunijia kila ninaposoma habari za dhamiri ya dini na bima ya afya. Kumlazimisha mtu atende anachoamini kuwa ni dhambi ni kumjeruhi mahali ambapo fidia haifiki. Kwa hiyo sina ugomvi na msamaha wa dhamiri. Swali langu ni moja: gharama yake inamwangukia nani?

Waamishi wenyewe walikutana na swali hilo. Edwin Lee, mkulima na seremala, aliajiri watu na kukataa kuwalipia mchango. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ikamkatalia, kwamba anayeingia kwenye biashara kwa hiari yake hawezi kuwawekea wengine mipaka ya imani yake. Mwaka 1988 Bunge likalegeza: mwajiri akiwa Mwamishi na mfanyakazi naye Mwamishi, wote wawili wasamehewe. Hapo naona busara, kwa sababu anayeubeba mzigo ameukubali mwenyewe.

Kisha ikaja sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, enzi za Rais Barack Obama. Kanuni zake zilitaka bima ya kazini imlipie mwanamke njia za uzazi wa mpango bila yeye kutoa chochote mfukoni. Familia ya Green ya Oklahoma, Wakristo wenye maduka ya Hobby Lobby, walipinga njia nne: vidonge vya dharura vya aina mbili na vitanzi vya aina mbili, wakiamini kwamba vyaweza kuua uhai uliokwisha kutungwa. Naamini walimaanisha. Juni 2014 wakashinda katika Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyepinga, alikumbusha kwamba kuwekewa kitanzi hugharimu karibu mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kima cha chini. Wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata hivyo, majaji walio wengi walionyesha njia: kampuni ya bima ilipe moja kwa moja, mwajiri akae pembeni. Ningeridhika na hapo. Lakini masista wa Little Sisters of the Poor, wanaotunza wazee maskini, waliona kwamba hata kujaza fomu ya kujitoa ni kushiriki. Serikali ya Donald Trump ikapanua msamaha, na mwaka 2020 mahakama ikauridhia. Kwa makadirio ya serikali yenyewe, wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangekosa huduma hiyo kwenye bima zao. Masista hao nawaheshimu kwa dhati. Ila mhudumu au mfagizi asiye wa imani ya mwajiri wake naye ana dhamiri, na hakuna aliyemuuliza.

Shangazi yangu alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni ambako vidonge vya uzazi wa mpango havikutolewa. Mama akija kuuliza, shangazi hakumhubiria wala hakumfukuza. Alimwandikia karatasi, akamwelekeza zahanati ya serikali na kumtajia siku ya kliniki. Hospitali ilibaki na imani yake, mama akapata huduma yake. Iliwezekana kwa sababu zahanati ilikuwepo, na dawa zake zimelipiwa na wote.

Jambo hili litatufikia. Kenya, mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya, na Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Tunao waumini wanaokataa dawa za hospitali, na Waislamu wanaohofia riba ndani ya bima. Wakija na madai yao, wasikilizwe kwa heshima. Lakini kifungu kinachotoa msamaha kitaje papo hapo nani atalipa. Kwa maoni yangu, tulipe sote kupitia mfuko wa umma. Jamii inayotaka kuheshimu dhamiri ya mtu mmoja haina haki ya kutuma ankara kwa mfanyakazi mwenye kipato kidogo kuliko wote.