Haki ya Kuvua Meno

Masheikh wakiulizwa kuhusu meno ya bandia, mara nyingi jibu lao hupitia puani. Arfaja bin As'ad alipoteza pua katika vita vya Kulab, zama za kabla ya Uislamu, akajitengenezea ya fedha. Ikaanza kunuka, ndipo Mtume akamruhusu kuweka ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kisa hicho kimo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi. Upande wa pili ipo hadithi aliyoipokea Ibn Masud, inayowalaani wanaotanua nafasi za meno kwa ajili ya urembo na kubadili maumbile ya Mungu. Wanazuoni wakazisoma pamoja wakatoa tofauti iliyo wazi: kurudisha kilichopotea ni jambo moja, kuchezea kilichopo ni jingine. Kwa kipimo hicho, kibogoyo anayevaa meno ya akriliki hana kosa wala hamdanganyi mtu. Nadhani mjadala hufungwa mapema mno hapo. Pua ya fedha ilikuwa imekwisha kuziba pengo usoni. Ingekuwa ni suala la sura tu, Arfaja asingehitaji pua nyingine. Kilichobadili hukumu ni namna fedha ilivyokuwa ikimtendea aliyeivaa. Kwa maoni yangu kisa hiki kinabeba kanuni pana kuliko ile ya kuvaa: kiungo cha bandia hupimwa kwa namna kinavyoutendea mwili unaokibeba. Kwa hiyo swali zito zaidi ni la kuvua.

Utafiti wa kitabibu umelipa swali hilo uzito ambao wanazuoni wa zamani hawakuwa na njia ya kuujua. Meno ya juu yakivaliwa mchana na usiku, sehemu ya kaakaa iliyofunikwa huwa haifikiwi vizuri na mate, nayo mate ndiyo yanayokisafisha kinywa kila saa. Ukoga hujikusanya juu ya akriliki, fangasi aina ya Candida albicans hustawi, na kaakaa hugeuka jekundu, mara nyingi bila maumivu yoyote, hivyo mwenyewe hana habari. Usingizini mate hupungua na kumeza hupungua. Mzee akivuta mate kidogo kwenye njia ya hewa, vijidudu hushuka nayo hadi mapafuni. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 3 wazee 524 wa Tokyo wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Kati yao 453 walivaa meno ya bandia, na 186 walilala nayo. Waliolala nayo walikuwa na hatari ya kupata nimonia zaidi ya mara 2 ya wengine, hatari inayokaribiana na ile ya wazee wenye shida ya kumeza. Miaka 4 kabla ya hapo, mwongozo wa wataalamu wa meno ya bandia wa Marekani ulikuwa umekwisha kushauri yasivaliwe saa 24 mfululizo.

Kwa nini basi mtu alale nayo? Wapo wasioambiwa kamwe. Wapo wanaoona haya, hata mbele ya mwenzi wa ndoa, na haya hiyo hawakuzaliwa nayo: wamefundishwa na jamii inayomcheka kibogoyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu asilimia 23 ya watu wenye miaka 60 na zaidi hawana jino hata moja. Utu ungekuwa unakaa katika meno, karibu robo ya wazee wa dunia wangekuwa wameupoteza. Hakuna dini wala falsafa ninayoijua inayokubali hilo. Waislamu husema mwili ni amana. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili wao ni hekalu na wao wenyewe si mali yao. Aliyekabidhiwa amana hana ruhusa ya kuiharibu ili asifiwe. Kuziba pengo mchana ni staha. Kuliziba daima, hata gizani, hata kwa gharama ya mapafu, ni utumwa.

Kuna atakayesema utafiti wa Tokyo uliangalia tu. Huenda wasiovua ndio waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Ni kweli, ingawa watafiti walizingatia maradhi mengine katika hesabu zao, na wakakuta ukoga na Candida zaidi kwa waliolala na meno. Tena si ushahidi pekee. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la miaka 2 katika makao 11 ya wazee huko Japani: waliosafishwa kinywa na wahudumu walipata nimonia asilimia 11, wasiosafishwa 19. Halikuhusu kuvua meno, lakini lilionyesha kwamba njia ya kutoka kinywani hadi mapafuni si nadharia. Mwingine atasema dini yenyewe imerahisisha: kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kusukutua ni sunna, na udhu husihi bila kuvua meno. Sawa, lakini kusihi kwa udhu hakupimi usafi wa kaakaa, na Mtume huyo huyo alihimiza mswaki kwa mkazo usiosahaulika.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la tatu: aibu ni maumivu, na takwimu haziyaondoi. Ndiyo maana nasema haki kabla ya kusema wajibu. Muuguzi anayemvua mzee meno mbele ya wageni amevunja heshima ile ile tunayoitetea, hata akiwa na utafiti mkononi. Na wapo wachache, kama wenye matatizo ya taya, ambao daktari huwashauri vingine.

Daktari anayekabidhi meno mapya na aseme mbele ya familia: usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi, yawekwe katika maji safi yasiyo ya moto, na kaakaa nalo lisafishwe. Na wewe utakayeyaona kwenye bakuli asubuhi, usicheke.