Thamani ya Neno "Acha"

Kiswahili kimeviita vitu viwili kwa jina moja. Ukungu ni wingu jepesi lifunikalo vilele vya milima ya Uluguru alfajiri. Na ukungu ni kiumbe kidogo kiotacho juu ya mkate, ngozi na hata kioo. Majina yamekutana kwa haki, maana vyote viwili ni watoto wa unyevu. Unyevu ulishao misitu ya milima hiyo na vijito viingiavyo mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam, ndio upenyao katika kamera ya kale iliyofungiwa kabatini Morogoro, ukaotesha ndani ya lenzi nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui.

Mwenye lenzi hiyo hana budi kumtafuta fundi aijuaye kazi hiyo, hata akiwa mbali. Hapo ndipo swali la maadili lizaliwapo. Aliyeshonewa kiatu huukagua mshono kwa macho yake. Lenzi hufunguliwa mwenyewe hayupo, na ikisha kufungwa hakuna ajuaye kilichotendeka ndani ila fundi peke yake. Kazi hiyo, basi, ni amana kabla ya kuwa ujira.

Uzito wa amana hiyo watokana na umbile la kitu chenyewe. Lenzi ya Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph katika kampuni ya Zeiss mwaka 1902, ina vioo vinne, na viwili kati yake vimegandishwa pamoja kwa gundi. Kila kioo kina mahali pake na upande wake. Fundi mwangalifu hutia alama kabla ya kukitoa. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni hiyo hiyo, alibuni njia ya kukipaka kioo utando upunguzao mng'ao, na unene wa utando huo haufikii urefu wa wimbi moja la nuru. Ukungu ukikaa sana, asidi yake huula utando huo, kisha huacha alama katika kioo. Nyuzi hufutika, lakini alama hazifutiki. Kuziondoa ni kukisugua kioo chenyewe, na kusugua ni kuuondoa utando na kuuharibu mviringo. Walakini lenzi yenye alama chache aghalabu hupiga picha njema, ila ikielekezwa kwenye mwanga mkali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni kweli kwa ukungu ulio hai: usiposafishwa mapema utakula zaidi. Lakini alama iliyobaki si ufa, ni kovu. Fundi mwema husafisha kilicho hai, hulainisha kilichokazana, na juu ya kilichosalia husema, "Acha."

Milima ya Uluguru yenyewe ina kumbukumbu ya utengenezaji uliokosa neno hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuiokoa ardhi na mmomonyoko. Hofu ya mmomonyoko haikuwa ya bure; lakini kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo mwembamba wenye rutuba ulifukiwa, ukaja juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 kulizuka ghasia, na mpango ukaachwa. Mtengenezaji alikuwa na amri, na mwenye shamba hakuwa na kauli.

Katika habari ya lenzi, kauli anayo mwenye mali, na kwa hiyo hawezi kumtwika fundi lawama yote. Yeye hupenda kioo king'ae, na hulipia mng'ao. Akirudishiwa lenzi yenye makovu baada ya fundi kuichunguza nusu ya siku, huuliza kwa uchungu, "Umefanya nini?" Swali hilo humfundisha fundi kusugua. Uongo wa karakana una wazazi wawili: mmoja huutenda, mwingine huununua.

Yumkini mtu atasema kwamba shauri halijazi chungu, na kwamba fundi hula kwa kazi iliyoonekana. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inahukumu mapatano, haihukumu ukweli. Ujira wa uchunguzi na ukubaliwe kabla lenzi haijafunguliwa, kama vile mgonjwa amlipavyo tabibu amwambiaye kwamba hahitaji kupasuliwa. Hapo fundi hatalazimika kuchagua baina ya chakula na uaminifu, wala mwenye mali hatadhani ametupa fedha zake. Lenzi iliyotengenezwa hivyo huenda isimpendeze mnunuzi dukani. Lakini sura ya mtu ipitayo ndani yake itafika kwenye filamu bila ya kupotoshwa, na hiyo ndiyo kazi iliyoumbiwa.