Nani Atabaki Juu?

Kusema ukweli, mimi naelewa kwa nini mtu angelipa. Ile wiki ya Juni 2023, chombo kidogo kinachoitwa Titan kilipopotea kikishuka kwenda kutazama mabaki ya meli ya Titanic, karibu kila mtu ninayemfuata mtandaoni alikuwa anauliza: na pesa zote hizo, wanatafuta nini huko chini? Swali lilikuja na vicheko. Kwa utani wa mtandaoni Wakenya hatuna mpinzani. Lakini mimi nimekulia Bura, chini ya milima ya Taita, ambako bahari iko mwendo wa matatu mbili, na nina watu wangu wanaoingia chini ya ardhi kila wiki. Hilo la wanatafuta nini halikunisumbua. Lililonikaa kichwani ni lingine.

Kwanza chombo chenyewe. Titanic imelala takriban mita 3,800 chini ya Atlantiki. Kwa kina hicho, kila sentimita moja ya mraba, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inabeba uzito unaozidi kilo 380. Titan ilikuwa bomba la nyuzi za kaboni lenye vifuniko vya titani pande zote mbili, na kilichokiendesha ni kidhibiti cha kuchezea gemu, kama kile cha pale kwenye kibanda cha PlayStation. Mlango ulifungwa kwa boliti kutoka nje, yaani hata ukiibuka salama juu ya maji, huwezi kujifungulia. Tiketi ilikuwa dola 250,000. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hiyo ni kama shilingi milioni 35 kwa kichwa.

Ndani walikuwa watano: Stockton Rush, mwenye kampuni, Hamish Harding, bilionea Mwingereza, Paul-Henri Nargeolet, Mfaransa aliyeshuka kwenye Titanic mara nyingi kuliko karibu mtu yeyote, na Shahzada Dawood na mwanawe Suleman, wa miaka 19. Waliweka sahihi kwenye karatasi iliyotaja kifo waziwazi. Kwa hivyo utaniambia walijua. Lakini walijua nini hasa? Chombo hakikuwa kimeidhinishwa na taasisi yoyote ya kukagua vyombo vya baharini. Mwaka 2018 mkuu wa shughuli za baharini wa kampuni hiyo, David Lochridge, alionya kuhusu usalama wake, akafutwa kazi. Rush mwenyewe alikuwa ameshasema kwenye mahojiano kwamba ukifika kiwango fulani, usalama unakuwa upotevu mtupu. Mtu akitaka kucheza na maisha yake, sawa, ni yake. Rush alikuwa anauza viti. Hapo mimi namtenga na wale wanne. Karatasi ya sahihi inaweza kukuambia utakufa, isikuambie kwamba fundi aliyesema hivyo alishafukuzwa.

Sasa turudi Taita. Huku kwetu kuna jiwe la kijani linaloitwa tsavorite. Jina limetokana na Tsavo, na lilipewa ulimwengu na duka la Tiffany la New York mwaka 1974. Aliyeligundua, Campbell Bridges, aliuawa karibu na Voi mwaka 2009 katika ugomvi wa machimbo, basi ujue si jiwe la mchezo. Wazungu wengi walio nalo kidoleni hawajui linavyotoka. Linatoka kwa nyundo, tindo, ndoo na kamba. Mjomba wangu huchimba upande wa Kasigau. Shimo lake lina upana wa kutosha mtu mmoja na huzuni zake. Kuna mtu wa mjini anayetoa unga, maharagwe na betri za tochi, na jiwe likionekana wanagawana. Likikosekana, mjomba amefanya kazi miezi mitatu kwa ugali.

Nilimsimulia habari za Titan tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo na nilikuwa na muda mwingi wa kusimulia watu habari.

“Walilipwa ngapi?” akauliza.

“Hawakulipwa, mjomba. Wao ndio walilipa. Milioni thelathini na tano kila mmoja.”

Akanyamaza kidogo. “Waliona kitu?”

“Hawakufika.”

“Pole yao,” akasema, na hakuwa anatania.

Hapo ndipo nilianza kushuku ile hoja yetu ya mtandaoni, kwamba tajiri hutafuta hatari kwa sababu ameboeka na maskini huingia hatarini kwa sababu ana njaa. Ni hoja tamu, na nusu yake ni kweli. Hoteli ya Salt Lick iko karibu na kwetu, vyumba vimesimama juu ya nguzo, mgeni analipa ili aone tembo wakinywa maji chini yake. Tembo huyo huyo akiingia shamba la mahindi usiku, mama mwenye shamba anamwona bure na anaweza kufa bure. Kule Pemba kuna hoteli yenye chumba mita nne chini ya bahari, unalala ukitazamwa na samaki. Kwenye bahari hiyo hiyo wapo wanaozamia jongoo bahari kwa pumzi zao tu, wauze kwa wanunuzi wanaopeleka Asia. Mpaka hapo hoja inasimama.

Lakini mjomba ana miti ya maembe na ana mbuzi. Shangazi amemwambia mara mia aache shimo. Anaacha mwezi mmoja, halafu unamwona asubuhi anakunja kamba. Nikimuuliza, anasema huko chini kuna kimya ambacho huwezi kukipata mahali pengine, na kwamba kila ukigonga mwamba huenda wewe ndiye wa kwanza tangu dunia iumbwe kuona kilicho nyuma yake. Ukinificha jina la msemaji, ningeapa hayo ni maneno ya bilionea kwenye filamu ya makala. Tumezoea kumnyima maskini hata hamu ya hatari. Yake tunaiita shida. Harding akifa, magazeti yanamwita mvumbuzi. Shimo likimfukia kijana wa Kasigau, ripoti inasema mchimbaji haramu. Wote wawili walitaka kuona.

Basi tofauti iko wapi? Kwangu mimi, iko kwenye kutafutwa.

Titan ilipoteza mawasiliano Juni 18. Ndani ya siku chache zilikuwepo meli na ndege za Marekani na Canada, na meli ya Ufaransa ikaleta roboti. Televisheni zilihesabu saa za oksijeni zilizobaki, mpaka watoto wa shule wakajua zilianzia 96. Mabaki yalipatikana Juni 22, kama mita 500 kutoka pua ya Titanic. Baadaye tukaambiwa vifaa vya jeshi la majini la Marekani vilikuwa vimesikia kitu kama mlipuko siku ile ile ya kwanza. Siku zote zile tulikuwa tunawahesabia pumzi watu waliokwisha kufa.

Siku nne kabla ya Titan kushuka, boti ya uvuvi iitwayo Adriana ilizama karibu na Pylos, Ugiriki, ikiwa na watu wanaokadiriwa kufikia 750. Waliookolewa ni 104. Wengi ndani yake walikuwa Wapakistani, nchi ya asili ya kina Dawood. Sikumbuki mtu akiwahesabia saa.

Na hatuna haja ya kwenda Ugiriki. Septemba 29, 2019, gari liliteleza nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni likiwa na mama na binti yake. Kivuko kile, mtu akisimama upande mmoja anaona nguo za walio upande wa pili. Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi. Lilitolewa Oktoba 11. Siku zote hizo familia ilikaa pale ikitazama maji, tukisikia habari za mikondo, matope, na wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini. Sisemi wanamaji wetu hawakujitahidi. Kule chini ni giza na maji yanakimbia. Nasema tu kwamba Likoni ni njia ya kwenda kazini, maelfu wanaivuka kila siku, na karibu nayo, Mtongwe, feri iliua watu 272 mwaka 1994. Robo karne ilitosha kununua vifaa vya kufika mita 58.

Wengine watasema matajiri wasiruhusiwe kushuka tena, maana waokoaji hugharimu umma. Sikubali. Aliyekwama mlimani kwa ujinga wake anaokolewa, na mlevi aliyeanguka mtoni anaokolewa. Tukianza kuuliza nani alistahili, wa kwanza kuachwa watakuwa watu kama mjomba, walioingia shimo bila leseni. Ninachotaka ni ile kasi ya Atlantiki ije Likoni, na Kasigau pia. Chombo kikaguliwe na mtu ambaye halipwi na muuza tiketi. Wakitaka kwenda baada ya hapo, waende. Na watakwenda: mwaka 2024 tu, tajiri mwingine wa Marekani, Larry Connor, alitangaza kwamba atashuka Titanic kwa chombo kipya.

Mjomba ana sheria yake moja ya shimo. Anayeshika kamba juu lazima awe mtu anayekudai. Ndugu anaweza kusinzia, anasema, rafiki anaweza kuitwa na simu, lakini mwenye deni lake hatoi macho kwenye kamba hata dakika moja. Nilimuuliza kama angekubali akipewa kiti cha Titanic bure.

“Hiyo gari yao ina kamba?”

“Haina. Inaachiliwa tu.”

“Na nani alibaki juu?”

Nikamwambia kulikuwa na meli, Polar Prince, na watu wakisoma ujumbe mfupi kutoka chini. Akauliza kama kuna mmoja wao aliyekuwa anawadai.