MAMA ALIYEPENDA FURAHA: TUMKUMBUKE VIPI?

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumbia waja wake kicheko na kilio, uhai na mauti. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, tumerejea kutoka Nairobi, tulikokwenda kumzika mama mmoja wa mji wetu. Aliolewa akachukuliwa bara angali kijana, akakaa miaka mingi Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapojitenga na Barabara ya Ngong. Jina lake hatulitaji, kwani watu wake hawapendi kutangazwa. Ameacha mume, watoto na wajukuu. Maradhi yaliyomwondoa ni saratani ya titi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mama huyu alikuwa mtu wa bashasha. Nyumba yake haikupungukiwa na kicheko wala na mgeni. Mahamri yake yalivuka ua yakafika kwa majirani wasiokuwa Waislamu, nao walipomzika walilia kama sisi. Alicheza kibe na wajukuu wake, akajificha nyuma ya mlango na umri ule. Na dawa za hospitali zilipomwangusha nywele, alimwambia mumewe: “Wenzangu hunyoa baada ya Hija, mimi nimenyolewa hata Makka sijaiona.” Mume akacheka huku machozi yamtoka.

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa mwenye kucheka ni mwepesi wa dini, na kwamba uchaji Mungu ni kukunja uso. Dhana hiyo haina asili. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, safari moja Bibi Aisha alishinda, na safari nyingine alishindwa, naye Mtume akamtania kwa hayo. Aliwaachilia wajukuu wake wampande mgongoni naye yumo katika sijida. Basi ikiwa mbora wa viumbe aliifurahisha nyumba yake, sisi ni nani hata tuione furaha ya halali kuwa ni aibu?

Sasa twasema jambo ambalo ni zito kwetu kulisema. Mama huyu alipoona uvimbe mara ya kwanza, hakumwendea daktari. Uvimbe haukumuuma, na haya zilimzuia. Jamaa wakamwambia ni jicho la hasidi. Alipokuja Mombasa kututazama, alituomba dua, nasi tukamsomea, tukamwandikia kombe kwa zafarani, akanywa. Hatukumuuliza hata neno moja: “Je, umekwenda hospitali?” Miezi ikapita. Alipopelekwa kupimwa, maradhi yalikuwa yamekwisha tambaa.

Hatusemi kuwa ajali yake ingaliahirika, kwani ajali haitangulizwi wala haicheleweshwi. Lakini tutaulizwa juu ya tulilolifanya, wala hatutaulizwa juu ya tulilokadiriwa. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawajulisha kuwa kila ugonjwa Mungu ameuteremshia dawa yake. Dua ni ibada, wala hatuiachi. Lakini mwenye kushika dua akaacha tiba ni kama mkulima anayeomba mvua na hakupanda mbegu. Nasi wenye kusomea watu tuna sehemu yetu katika kosa hili. Tumetubia, na kuanzia sasa hatumsomei mgonjwa ila tumemuuliza kwanza habari ya daktari.

Enyi mama zetu na dada zetu, Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya hazikuwazuia kujifunza dini yao. Basi haya zisikuzuieni kuihifadhi miili mliyopewa amana. Uvimbe katika titi au kwapani, hata ukiwa hauumi. Ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu kuingia ndani au kutoka damu: yote haya ni ya kwenda kuonyesha upesi. Si kila uvimbe ni saratani, lakini ajuaye ni aliyepima. Daktari mwanamke ndiye bora. Asipopatikana, dharura yaruhusu mwanamume. Na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo pamoja na hii ya titi ndizo ziwauazo zaidi wanawake wa Kenya, hutokana na kirusi, na yaweza kugunduliwa kabla haijawa saratani. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini Kenya mwezi wa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Baba mwenye binti asiipuuze.

Turudi kwenye msiba. Maiti alipokuwa akioshwa, mume alitaka kuuona uso wa mkewe, akazuiliwa. Akaambiwa: “Ndoa imekwisha katika, yeye si wako tena.” Tulimkuta ameketi nje kama mgeni nyumbani mwake. Ndugu zetu, neno hili latoka wapi? Sayyidna Ali alimwosha mkewe Bibi Fatima, na katika madhehebu yetu ya Kishafi mume aweza kumwosha mkewe, seuze kumtazama. Tukawaeleza wazee, wakakubali. Akaingia, akamuaga, kisha tukaenda naye makaburini Kariokor ametulia.

Tena yakaja maneno ya arubaini. Jamaa walitaka kuchinja na kupika pilau, na deni la hospitali halijalipwa. Waliofiwa ndio wa kupikiwa, hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha kwa watu wa Jaafar alipouawa vitani Muta. Na deni la maiti hutangulia urithi, licha ya karamu. Watoto wakasikia, fedha zile zikalipa deni.

“Basi tusimkumbuke?” mmoja wao akatuuliza. La, mkumbukeni! Bibi Khadija, bibi yao Hasan na Husein ingawa hakuwahi kuwaona, alifariki kabla ya Hijra, lakini Mtume hakuacha kumtaja, hata Bibi Aisha akamwonea wivu na hali hakumkuta. Akichinja mbuzi, alipeleka nyama kwa mashoga zake Khadija. Siku moja Hala, nduguye Khadija, alibisha hodi, na Mtume akamkumbuka mkewe kwa sauti ile, moyo ukamtikisika. Huku ndiko kumkumbuka mke: kumtaja kwa wema, kuwapenda aliowapenda, na kumtolea sadaka, kama Saad bin Ubada alivyotoa bustani yake kwa ajili ya mama yake.

Watoto wa mama huyu wameazimia kumlipia nauli na kipimo kila mwanamke wa jamaa na jirani asiyejiweza. Na mume ameapa kuwa mahamri hayatakatika kuvuka ua, ijapokuwa yeye hajui kukanda unga. Wajukuu wamemcheka, naye akacheka nao. Tukaona kuwa hiyo nayo ni katika athari njema za marehemu.

Ewe Mola, mghufirie, upanue kaburi lake, na utughufirie sisi tuliochelewa kumuuliza. Amin.