Manjanja ya Kanisa

Tarehe 28 Novemba 1964, mjini Baraka, hapa Kongo, Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akisikiliza maungamo kanisani, akatoka, akapiga magoti kando ya mwili wa mwenzake, naye akauawa. Siku hiyohiyo, kule Fizi, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa kwenye makao yao. Miaka karibu 60 baadaye, tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri mjini Uvira. Tulijaa barabarani kwa vitenge vipya, tukaimba mpaka sauti zikakauka, tukalia machozi ya kweli. Kisha tukarudi vijijini mwetu. Ni nani kati yetu aliyeegemeza ngazi ukutani ili aone paa la kanisa lake linavuja wapi?

Hakuna.

Ukimwuliza yeyote kwa nini makanisa ya wazee wetu yamebaki kuta tupu, jibu liko mdomoni kabla hujamaliza swali: vita. Ndiyo, vita vilipita. Vilipita mwaka 1964, vikarudi 1996, vikarudi tena 1998, na wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma na watoto mgongoni. Sikatai. Lakini vita havina subira ya kung'oa misumari mmoja mmoja. Vita havinyooshi msumari juu ya jiwe, taratibu, ili ufae tena. Nani aliyeshusha mbao za paa bila kuzivunja? Nani aliyebeba manjanja, mabati yale ya paa, usiku, akayapaka rangi asubuhi, ili jirani asiyatambue, hali jirani naye ana yake?

Mwanajeshi huchoma. Jirani hung'oa.

Hesabuni nami, wazee wangu. Matofali ya kuchoma ambayo mababu zetu waliyafinyanga na kuyabeba vichwani leo ni mafiga ya jikoni. Milango ya mvule imegeuka vitanda. Kengele iliyowaita watu ubatizoni na mazikoni imeuzwa kwa mizani, kilo kwa kilo, kama chuma cha gari bovu. Kurasa za vitabu vya ubatizo, zenye majina ya bibi zetu, zimefungiwa karanga. Nyumba za kazi za enzi ya Mbelgiji zimebomolewa baraza ili ubao wa duka upate pa kukaa. Na kila mmoja wetu amekwisha kujipa ruhusa kwa neno lilelile: mali ya kanisa ni mali ya wote. Kwenye kuchukua, sisi sote ni wenyewe. Kwenye kutengeneza, mwenyewe ni Padri, au serikali, au mzungu atakayekuja.

Na msidhani nawasahau ninyi wa kamati, mnaojiita warekebishaji. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa tofali laini, kwa udongo na chokaa. Unanywa maji ya ardhini na kuyatoa nje tena. Nanyi, kwa haraka ya sikukuu, mnaupaka simenti mpaka ung'ae. Maji yanapanda, yanakosa pa kutokea, tofali linaoza ndani kwa ndani, na siku moja lipu inadondoka na nyama ya ukuta. Hapo ndipo tunatikisa vichwa: jengo limezeeka, libomolewe, tujenge kubwa lenye vigae. Nani alilizeesha? Usipoziba ufa, utajenga ukuta: methali hiyo tunaipigia makofi ikitoka mimbarini, kisha tunatoka nje na kupita kando ya ufa wenye mkuyu mchanga ndani yake.

Tazameni Zanzibar. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Una wataalamu na wafadhili. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu likiwa katika matengenezo, likaua watu wawili. Ikiwa jumba lenye macho ya dunia nzima limeanguka, kanisa la kijijini kwetu litasimamishwa na nani, ikiwa sisi wenyewe tunalifumbia macho?

Mtaniambia: sheria iko. Iko kweli, tangu tarehe 15 Machi 1971, ya kulinda mali za utamaduni katika nchi hii. Lakini Kongo ina maeneo 5 kwenye orodha ile ya dunia, na yote 5 ni mbuga na misitu. Ngagi wa Kahuzi-Biega ana mlinzi, na anastahili. Ukuta wa babu yako una nani? Sheria haipandi ngazi. Sheria haizibui mfereji wa maji kabla ya masika.

Tunawaheshimu waliomwaga damu, tunawaacha waliomwaga jasho. Hao nao walikuwa watu wetu.

Nami nisijifanye msafi. Nyuma ya nyumba yangu kuna banda la mbuzi. Marehemu baba aliliezeka tuliporudi kutoka ng'ambo, kwa manjanja mawili mazito, ya namna isiyouzwa sokoni siku hizi. Nilikuwa mtu mzima. Nilijua yalitoka juu ya altare gani, maana mbele yake nilipata komunyo ya kwanza. Sikuuliza. Mvua ikinyesha kanisani, tunasogeza mabenchi pembeni. Mbuzi wangu wako pakavu.

Jumamosi hii nitayashusha. Nitapita nayo barabara kuu, mchana, kichwani, bila kuyapaka rangi. Anayetaka kucheka acheke, mradi kwanza atazame juu ya jiko lake.